Herufi Mbili kwenye Stika

Jumatatu ndiyo siku ya vilio katika kituo cha matengenezo cha Barabara ya Saba, Dodoma. Mafundi wa mji mzima wamefanya kazi Jumamosi na Jumapili, vifaa vyao vimewazimikia mikononi, na ikifika saa mbili asubuhi wamekwisha jipanga mbele ya kaunta wakiwa wamevipakata kama wagonjwa: drili za chaji, grainda, misumeno, chaja zilizotoa moshi. Kila mmoja ana kadi yake ya waranti, na kila mmoja anaapa kwamba kifaa hakijaanguka hata siku moja.

"Haijaanguka, dada yangu, haki ya Mungu."

"Na hii saruji iliyoganda huku ndani imeingiaje?" aliuliza Evelina, msichana wa kaunta, akiigonga drili kwa kalamu.

"Upepo, dada. Si unaujua upepo wa Dodoma."

Nyuma ya kioo, Naima Halfani alisikia yote hayo akacheka peke yake. Mahali pake palikuwa huko, kwenye meza ya kazi yenye taa kubwa, na ukitaka kumuudhi mtoe hapo. Katika mafundi watano wa kituo kile, mwanamke alikuwa yeye tu. Alitoka Kondoa akaja kusomea ufundi VETA, na kule kwao watu walimcheka baba yake mpaka wakachoka wenyewe. Mzee Halfani, walisema, binti yako ataolewa na nani na mikono inanuka grisi? Mzee akawajibu kwamba yeye amempeleka binti shule, hajampeleka mnadani. Naima aliyasikia maneno hayo, na tangu siku ile hajawahi kutoa mezani kwake kazi ya kulipualipua.

Sasa sikiliza, maana hili ndilo lililozaa kisa chote. Kila drili ya kampuni ile ina stika ndogo ya rangi ya fedha, upana wa ukucha, imebandikwa pale ganda la kulia linapokutana na la kushoto. Ukiifungua drili, stika inakatika. Stika ikikatwa na fundi wa mtaani, waranti imekufa, usilie. Ikikatwa na fundi wa kituo, fundi huyo akimaliza kazi anabandika stika mpya na kuandika juu yake, kwa kalamu ya wino mzito, herufi mbili za jina lake. Mafundi wa Dodoma walikuwa wameanza kuzijua herufi hizo. Wapo waliofika kaunta wakasema, "Mimi nataka ya N.H., wengine siwataki." Evelina akiyasikia hayo anamkonyeza Naima kupitia kioo, naye anajifanya hajaona, lakini siku nzima anafanya kazi huku anaimba.

Jumatatu hiyo foleni ilifika hadi nje kwa muuza karanga. Evelina alizidiwa, akagonga kioo. "Naima, njoo unishike mkono hapa, nakufa!"

Naima alijifunga vizuri mtandio wake wa zambarau, akavaa koti la kazi, akatoka huku amenuna. Mteja wake wa kwanza alikuwa kijana mrefu aliyekuwa mweupe kuanzia nywele hadi viatu. Shati lake huenda lilikuwa la bluu siku linanunuliwa. Vumbi la jipsamu ya dari lilimjaa mpaka kwenye kope, macho yakawa yanachungulia kutoka humo yakicheka. Lakini drili yake ilikuwa imefungwa kwenye taulo safi, jeupe, lililokunjwa kwa adabu.

"Jina la mteja?"

"Mudrick."

"Tatizo la kifaa?"

"Kimekata roho Jumamosi saa tisa alasiri, dada. Nilikuwa juu ya ngazi, skrubu iko nusu ndani nusu nje. Nilikuwa nacho mkononi mpaka dakika ya mwisho."

"Pole kwa msiba," alisema Naima bila kuinua macho kwenye fomu. "Kiliwahi kuanguka?"

"Kilianguka."

Foleni nzima ikageuka. Evelina akaacha kuandika. Neno hilo lilikuwa halijawahi kutamkwa kwenye kaunta ile tangu kituo kifunguliwe.

"Mara ngapi?" aliuliza Naima, na safari hii aliinua macho.

"Mara mbili. Ya pili kilinidondokea mguuni, kwa hiyo sijui kama nayo mnaihesabu."

Naima alicheka. Alijitahidi asicheke, akashindwa, akajifuta macho kwa ncha ya mtandio. Halafu akakumbuka kazi, akamweleza mambo yalivyo: drili za aina ile hazifunguliwi Dodoma. Zinatumwa Dar es Salaam zikiwa na stika nzima, na huko zinakaa wiki tatu.

Tabasamu lilimtoka Mudrick. "Wiki tatu? Dada, mimi nafunga dari ya ukumbi wa hoteli mpya kule Iyumbu. Ukumbi unafunguliwa Jumamosi ya wiki ijayo. Umeme haujaingizwa, bila drili ya chaji sifanyi kitu. Nisipomaliza, hoteli inaleta watu wengine na mimi jina langu limekwisha." Akavuta pumzi. "Lakini utaratibu ni utaratibu. Pokea tu."

Angeomba, angelia, angeapa kama wengine, Naima angeipokea drili ile na kuituma Dar bila kujali. Lakini mtu aliyekiri kuangusha, tena akakubali wiki tatu bila kelele, alimgusa mahali ambapo hakupatarajia. Akairudisha drili kwenye taulo lake.

"Usiiache leo," alisema kwa sauti ya chini. "Nipe namba yako ya simu."

Mudrick alipotoka, Evelina alimrukia Naima. "Wewe! Tangu lini unachukua namba za wateja?"

"Ni ya kikazi."

"Ya kikazi na umeiandika kiganjani?"

Kesho yake saa kumi na moja jioni, Mudrick alifika Nkuhungu, kwenye nyumba aliyopanga Naima. Alikuwa ameoga. Naima alipomwona amevaa shati safi la kijani, uso unang'aa, nusura amwambie ameingia nyumba isiyo yake. Mama mwenye nyumba alikuwa barazani anachambua mchele wa Bahi, akasogeza kigoda chake karibu ili asipitwe na kitu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Ndiye huyo mgonjwa?"

"Mgonjwa ni drili, mama," alisema Naima haraka.

"Haya. Mimi nimeuliza tu."

Naima alitandika gazeti kwenye meza ndogo hapohapo barazani, akapanga bisibisi zake, kisha akasimama na kisu juu ya ile stika. "Sikiliza, Mudrick. Nikikata hapa, drili hii hairudi tena kituoni. Hairudi kabisa. Stika tunahesabiwa, siwezi kukubandikia nyingine. Wakijua nimefungua nyumbani, kazi sina. Umenielewa?"

"Nimekuelewa. Acha basi, Naima. Usijiponze kwa ajili ya dari."

"Nani kasema ni kwa ajili ya dari?" alijibu Naima, akaikata stika.

Ndani alikuta waya mkubwa wa betri umeachia kwa sababu ya ile mianguko miwili, na mahali pake pameungua. Alisafisha, akakwangua, akaweka waya mpya, akaulehemu kwa risasi ya kuyeyusha, kidogo tu, polepole, ulimi ukiwa pembeni mwa mdomo kama mtoto anayejifunza kuandika. Kiungo kilitulia pale mviringo, kinang'aa. Mudrick alikuwa akiangalia mikono ile, na mama mwenye nyumba alikuwa akimwangalia yeye anavyoiangalia.

Drili ilipowashwa ikanguruma, Mudrick aliruka juu. "Imeamka! Naima, wewe ni mtu wa namna gani?"

"Fundi," alisema Naima. Lakini alipofunga maganda yale na kuona pale pa stika ni patupu, alisikia kitu kikimchoma. Kazi nzuri vile, na imetoka bila herufi zake.

Dari ya Iyumbu ilikamilika Ijumaa, siku moja kabla. Na simu, ewe msomaji, ndiyo kwanza zilianza.

"Haloo, fundi wa mafundi."

"Haloo, mtu wa vumbi. Umekula?"

"Nimekula chipsi, lakini zilikuwa hazina wewe."

"Maneno hayo unayatoa wapi, Singida?"

"Singida tunatoa asali, laazizi, na maneno yetu ndiyo hivyo tena."

Miezi miwili ilipita hivyo. Jumapili walikaa Nyerere Square wakila zabibu za Makutupora kutoka kwenye mfuko mmoja, Naima akiwa na dera la maua na viatu vya wazi, Mudrick akitema mbegu mbali na kudai ameshinda. Naima alimpenda kwa jambo moja kuliko yote: hakujua kudanganya. Akichelewa anasema amelala. Naima akivaa nguo isiyompendeza, Mudrick anakohoa. Naima akamwambia Evelina, tena kwa kinywa chake, "Huyu ndiye. Nikimkosa huyu basi."

Kilichokuja kuwavuruga kilikuwa wema wa mtu. Mudrick alifanya kazi na mwenzake mmoja, Mazengo, mtu mkarimu asiyeuliza maswali. Jumatatu moja drili ilizima tena, Mudrick akiwa juu ya jukwaa anapaka dari kule Iyumbu kwenye jengo la pili. Mazengo akaiona imelala kwenye taulo, akaiona na kadi ya waranti ndani ya boksi, na miezi minne bado imebaki. Akasema moyoni, acha nimsaidie rafiki yangu. Akapanda bodaboda mpaka Barabara ya Saba. Alipofika kwenye foleni ndipo alipompigia.

"Oya, usihangaike na drili. Nimeileta kituoni."

"Umeileta wapi?"

Mudrick aliteremka kwenye jukwaa lile kama aliyeng'atwa na nyuki. Lakini alipoingia kituoni, drili ilikuwa imekwisha wekwa juu ya kaunta, maganda wazi, mbele ya mkuu wa kituo, bosi Wambura. Huyu Wambura alikuwa mtu wa haki na mwenye sauti ya kengele. Alikuwa na miwani, ila aliiweka mfukoni kwa kuona aibu kuivaa mbele ya wateja.

"Stika imekatwa!" alinguruma Wambura. "Nani kaifungua hii?"

Mazengo akamgeukia Mudrick. Foleni ikamgeukia Mudrick. Na nyuma ya kioo, Naima aliyekuwa ameshika bisibisi alisimama akiwa amekauka. Kazi yake yote, miaka yote, ilikuwa imeshikwa na neno moja la mtu asiyejua kudanganya.

"Ni..." Mudrick akajifuta vumbi usoni. "Ni fundi mmoja wa mtaani, bosi. Nilimkuta stendi. Hata jina lake silijui."

"Nilijua! Tazama uchafu huu. Hii ndiyo kazi?"

"Si kazi, bosi," alisema Mudrick, na kwa kuwa alikuwa mgeni katika uongo, hakujua pa kusimamia. "Hana lolote yule. Mikono inamtetemeka kama ana homa. Alinilipulia tu. Mimi kwake sirudi tena hata kwa bure!"

Wambura akacheka. Foleni ikacheka. Mudrick naye akacheka, jasho likimtiririka ndani ya vumbi. Nyuma ya kioo Naima aliketi taratibu, akaitazama mikono yake miwili juu ya meza.

Saa ya chakula cha mchana simu yake iliita.

"Haloo, mpenzi. Umeona? Nimekuokoa! Bado miguu inatetemeka."

"Miguu yako au mikono yangu?"

"Naima?"

"Mikono inamtetemeka kama ana homa. Hana lolote. Kalipua. Si ndivyo ulivyosema?"

"Jamani, Naima, ningesema nini? Ningesema ni fundi hodari, angeuliza ni nani. Nilikuwa nakukinga!"

"Ungesema humjui, ukanyamaza. Nani alikutuma uongeze?"

"Sijazoea kudanganya. Nilipoanza sikujua pa kukomea."

"Ulicheka, Mudrick. Nimekusikia. Wamenicheka Kondoa, wakanicheka VETA, nikasema si kitu, yuko mmoja aliyeona mikono hii ikifanya kazi. Leo umesimama mbele ya mafundi wa Dodoma nzima ukacheka nao. Inaniuma. Inaniuma kweli."

"Kipenzi changu, nisamehe, nilikuwa..."

Akakata simu. Mudrick alipiga tena mara nne, mara tano. Naima aliizima.

Siku tatu zilizofuata zilikuwa mateso. Wambura aliikalisha drili ile juu ya kaunta kuwa mfano. Kila mteja aliyekuja aliambiwa, "Njoo uone kazi ya mtaani," na kila mteja aliyeoneshwa alitikisa kichwa, hata wale wasiojua tofauti ya risasi na gundi. Juu ya hayo, Wambura alimkabidhi Naima fomu ya kukataa waranti. "Wewe unaandika vizuri. Chunguza, jaza, saini. Andika fundi asiyejulikana, asiye na ujuzi."

Evelina alimfuata mezani na chai mbili. "Shoga, mwanamume anakupigia hupokei. Jana amenipigia mimi dakika ishirini. Anasema yuko tayari kuja kusema ukweli mwenyewe."

"Asije. Akija kusema yeye nitaonekana nilijificha nyuma yake."

"Sasa unataka nini, Naima?"

Hata Naima mwenyewe alikuwa hajajua. Kama angesaini, angebaki na meza yake na taa yake, Mudrick angepoteza drili yake, na kiungo kile kinachong'aa kingekuwa cha mtu asiye na jina hadi kiama. Kama angesema, huenda kesho angepanda basi la Kondoa na begi lake, na watu wa kule wangepata la kucheka upya.

Alhamisi aliivuta drili chini ya taa akaichunguza, maana ripoti ni ripoti. Akapima waya, akapima kiungo. Kiungo chake kilikuwa kizima kama siku ile barazani. Kilichokufa kilikuwa swichi. Mpira unaozuia vumbi haukukaa vizuri tangu kiwandani, jipsamu likapenya mpaka likaiziba. Ni hitilafu ya kiwanda, ya waranti kabisa, ambayo haihusiani hata kidogo na mikono ya mtu. Naima alikaa akiitazama. Kisha akachukua kalamu ile ya wino mzito, ambayo si ya kujazia fomu, akaandika:

*Chanzo: swichi. Hitilafu ya kiwanda. Waya wa betri umelehemiwa sawasawa. Aliyefungua kifaa: Naima Halfani.*

Akainuka, akaenda moja kwa moja ofisini kwa Wambura, mlango akauacha wazi.

Wambura alisoma akiwa ameishika karatasi mbali na uso. Akaishusha. Akatoa miwani mfukoni, akaivaa, akasoma tena. Halafu akatoka kimya hadi kaunta, akaichukua ile drili ya mfano, akaisogeza puani. Evelina anaapa mpaka leo kwamba ilimchukua dakika nzima.

"Hii kazi ni yako?"

"Ni yangu, bosi."

"Mbona ni safi?"

"Ilikuwa safi tangu Jumatatu, bosi. Ni miwani."

Mafundi wenzake waliinamia meza zao, mabega yakitikisika. Wambura hakucheka. "Umeifungulia wapi?"

"Barazani kwangu, Nkuhungu."

"Naima! Unajua sheria kuliko wote hapa. Kwa nini?"

Angeweza kusema habari za ukumbi, za umeme, za wiki tatu. Alishachoka na maneno ya pembeni. "Nilimpenda mwenye drili, bosi. Nilimpenda palepale kaunta, alipokiri kwamba iliwahi kuanguka. Nikafanya kosa. Unifukuze kama ni kufukuza, lakini usiseme tena ile kazi ni mbaya, kwa sababu si mbaya."

Wambura alivua miwani, akaifuta na shati, akaivaa tena. "Angekuwa mwingine angetoka leo hii," alisema hatimaye. "Barua ya onyo utapata, na itakwenda Dar. Mwezi mzima utakaa kaunta, meza usiiguse."

"Nimepokea, bosi. Na drili?"

"Drili imefanyaje? Imefunguliwa na fundi wa kituo, si wa mtaani. Kwa kosa lake, lakini ni fundi wetu. Mteja ana kosa gani? Waranti ipo." Akasita, kama mtu aliyeshtushwa na hesabu yake mwenyewe. "Kumbe yule kijana angesema kweli siku ile, drili yake ingekuwa imetoka zamani! Kwa nini alisema ni fundi wa stendi?"

"Alidhani ananisaidia."

"Mpumbavu," alisema Wambura, lakini kwa upole. "Imekwisha funguliwa, Dar haiendi tena. Weka swichi mpya kabla hujaenda kaunta. Bandika stika. Na uandike herufi zako, nizione."

Jumatatu iliyofuata foleni ilifika tena kwa muuza karanga. Naima alikuwa kaunta akisikiliza habari za upepo, Evelina pembeni yake akiwa na uso wa mtu aliyepiga simu fulani akaficha. Ikawa zamu ya mteja mmoja mrefu. Shati jeupe lililopigwa pasi mpaka mikunjo inakata, suruali nyeusi ya kitambaa, viatu vinang'aa, hana chembe ya vumbi. Foleni ilimpisha ikidhani ni mkaguzi kutoka Dar.

Naima akavuta fomu.

"Jina la mteja?"

"Mudrick."

"Umefuata nini?"

"Drili. Na wewe."

"Drili iko tayari. Saini hapa." Akaisukuma kuelekea kwake, ndani ya taulo lake, na stika mpya juu. Mudrick akaiona: N.H., wino mweusi, mzito. Akapitisha kidole juu yake.

"Naima, nilikosa. Nilidhani nikikuficha ndiyo nimekupenda."

"Siku ile hukuninong'onezea," alisema Naima, macho yamemjaa. "Ulisema kwa sauti, na foleni nzima ikasikia."

Mudrick alielewa. Aligeuka akaikabili foleni, watu thelathini na vifaa vyao vifuani, akakohoa.

"Jamani, samahanini. Wiki iliyopita nilisimama hapa nikasema drili yangu ilifunguliwa na fundi asiye na lolote. Nilidanganya. Mliokuwepo mnanikumbuka. Fundi mwenyewe ni huyu dada. Mikono yake haitetemeki. Nimeiangalia kwa macho yangu. Dodoma hii hakuna anayemfikia, na mimi nilicheka wakati najua. Nimeona aibu, na nampenda."

"Mimi nilijua tu!" alisema Mazengo kutoka nyuma, alikokuwa amesimama na grainda.

"Ulijua nini wewe?" Evelina alimfokea. "Si ndiwe uliyeileta!"

Foleni ikaangua kicheko, na safari hii Naima alicheka nao, machozi yakimtoka bila kuyafuta. Mudrick akaegemea kaunta. "Nipe namba ya mzee."

"Ya nini?"

"Nataka nije Kondoa kwa heshima, na wazee wangu kutoka Singida. Nataka kukuoa, Naima. Lakini nisije kama mtu wa stendi. Nianze kwa kumwamkia."

"Hapa? Sasa hivi?"

"Si ulitaka kwa sauti?"

Wambura alitokea mlangoni mwa ofisi, miwani usoni, akafungua mdomo kuuliza kwa nini kazi imesimama, akaufunga. Naima, mikono yake ile thabiti sasa ikimtetemeka kweli, akabonyeza simu, akaweka spika, akailaza juu ya kaunta.

"Naima, mwanangu," ilisikika sauti ya mzee, na mbuzi wakilia nyuma yake. "Kulikoni saa za kazi?"

"Shikamoo baba. Kuna mtu anataka kukusalimu."

"Shikamoo mzee," alisema Mudrick, akasimama wima kama anaonekana. "Mimi naitwa Mudrick, ni fundi wa dari. Naomba ruhusa nije na wazee wangu kwa ajili ya binti yako."

"Marahaba. Ninao mabinti wanne. Unamtaka yupi?"

"Yule fundi, mzee, aliyeifufua drili yangu."

"Ana jina."

Mudrick akamtazama Naima machoni, akalitamka kwa sauti iliyofika kwa muuza karanga. "Naima, mzee! Naima binti Halfani!"

Kwenye simu mbuzi mmoja ndiye aliyejibu kwanza. Kisha mzee akajikohoza, na wote wakasikia kwamba alikuwa anatabasamu.

"Haya. Njooni Ijumaa baada ya swala. Na hiyo drili iliyofufuliwa mje nayo, mlango wa stoo yangu unaning'inia tangu masika."

"Nitaufunga mwenyewe, mzee, wallahi!"

"Wewe?" alisema mzee Halfani. "Drili atashika Naima. Wewe utashika ngazi."